Safari Yangu, Habari Zao

Kamera ilikaa ndani ya begi saa tatu nzima.

Tuliondoka Korogwe alfajiri, tukavuka Mto Pangani na kushika njia ya Handeni, kila mmoja na bodaboda yake, mimi nimebebeshwa stendi ya kamera iliyonigonga mgongoni kwenye kila tuta. Mbele ya Sindeni tukaiacha lami. Ilipotimu saa mbili asubuhi tulikuwa tumeketi kwenye gogo chini ya mwembe, mbele ya nyumba ya mzee wa Kizigua ambaye mdogo wangu, mpiga picha niliyefuatana naye, alikwisha kumtembelea mara tatu bila kumpiga picha hata moja. Shikamoo babu, marahaba wanangu, habari za Korogwe, habari za mvua. Uji ukaja, uji ukaisha. Mzee akainuka kwenda kufungulia mbuzi. Mpiga picha naye akainuka, akashika kamba, wakapotea nyuma ya zizi wakizungumza mambo ya kupe na dawa ya josho. Nikabaki na mabegi, nikilitazama jua linavyopanda. Hata mimi nisiye fundi najua kwamba mwanga mzuri ni wa asubuhi, na ule ulikuwa unatuponyoka.

Walipokuwa wanarudi nilimvuta pembeni nikamwuliza kwa nini anauacha mwanga upotee.

“Kaka,” akaniambia, “mwanga utarudi kesho. Mzee akishaniona mimi ni kamera, harudi.”

Saa tano ndipo alipofungua zipu. Stendi hakuisimamisha mbele ya mzee bali ubavuni, karibu na pale alipokuwa amekaa yeye mwenyewe tangu asubuhi, ili mzee akizungumza awe anamtazama mtu aliyekwisha kumzoea. Kinasa sauti alikifunga kipande cha khanga kuukuu, upepo usivume ndani yake. Akamwomba mjukuu wa kike afukuze kuku. Akavaa visikizi, akafumba macho, akainua kidole: kulikuwa na bodaboda inapita mbali, upande wa shamba la muhogo, ambayo mimi sikuwa nimeisikia. Akangoja mpaka ikafa masikioni mwake. Kisha akauliza swali moja tu.

“Babu, njia ya kwenda pwani ilipita wapi?”

Watu wakiwasifu waandishi wa safari na wapiga filamu, huwasifu kwa ushujaa: mamba wa mtoni, homa, risasi zilizowakosa. Ushujaa upo, nami sina ugomvi nao. Lakini siku ile chini ya mwembe niliuona ufundi wenyewe, na haukuwa na ushujaa ndani yake. Ulikuwa ni mtu kujipunguza kidogo kidogo, kwa makusudi, mpaka mwenye habari apate nafasi ya kukaa. Na ufundi huo, katika nchi hii iliyo kati ya Handeni na Korogwe, una umri mkubwa kuliko kamera.

Mwaka 1901, mjini Göttingen, Ujerumani, kilichapwa kitabu cha Kiswahili kinachoitwa Safari za Wasuaheli. Aliyekikusanya ni Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku kwetu kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili mjini Berlin. Wasimulizi walikuwa watu wa pwani wenyewe. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, nyuma ya Bagamoyo, na habari yake imepewa kichwa kirefu: Safari yangu ya Udoe hatta Uzigua na khabari za Wadoe na mila zao.

Kisome kichwa hicho polepole. Kinaanza na “yangu”, kinaishia na “zao”. Mtoro anaingia njiani akiwa mwenye safari, na mwisho wa kichwa hicho hicho safari imekwisha kupewa watu wengine; yeye amebaki mchukuzi wa khabari. Wengi wetu tunaoandika safari siku hizi tunaanza na “yangu” na tunamaliza na “yangu”: basi langu lililoharibikia Segera, malaria yangu, picha yangu nikiwa kileleni nimenyoosha mikono. Mila za wenyeji, kama zimo, zimo katikati, kama nyama ndani ya sambusa ya kubania.

Uzigua aliyoitaja Mtoro inatanda kutoka Mto Wami hadi Mto Pangani, na kitovu chake kwa leo ni Handeni. Kwa Wazungu wa zama zile huo haukuwa umbali wa kuandikia kitabu. Burton na Speke walipopanda bonde la Pangani mwanzoni mwa 1857, wakapita huku Korogwe hadi Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Usambara, walikuwa wanajinyoosha miguu tu kabla ya safari kubwa ya maziwa; faida yao kubwa katika matembezi yale ilikuwa kumpata Sidi Mubarak Bombay katika boma la Chogwe, mtu ambaye baadaye alivuka bara zima na wasafiri wa Kizungu mmoja baada ya mwingine. Kwa mtu wa Bagamoyo, Udoe na Uzigua zilikuwa kwa jirani kabisa.

Na hapo ndipo kazi ya Mtoro inaponivutia. Nchi ya mbali hujiandika yenyewe, maana kila kitu kinakushangaza. Mwenzake katika kitabu kile, Selim bin Abakari, alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Akiandika theluji kwa msomaji wa pwani, kila sentensi ilikuwa mpya kabla hajainyanyua kalamu. Jirani ni mgumu zaidi. Jirani ana sifa aliyokwisha kupewa, na sifa hiyo hufika kabla yako. Wadoe walikuwa wakisemwa pwani nzima kwamba wanakula watu. Msafiri anayekwenda kwao anakuta habari imekwisha kupikwa, inangoja kupakuliwa tu. Kwenda, kuketi, kuuliza na kurudi na mila, yaani mambo yenye utaratibu na sababu, kunataka sikio ambalo halijaridhika na lililoambiwa nyumbani.

Sikio hilo utaliona vizuri zaidi katika kazi yake kubwa, Desturi za Wasuaheli, iliyotoka 1903, jina la Velten likiwa kwenye jalada. Kitabu kinaanza na mimba na uzazi, kinapita unyago, harusi, biashara za bara, maradhi na mazishi. Tazama namna anavyofanya. Hasemi kwamba watu fulani ni wakarimu au ni wagumu. Anasema nani anaitwa kwanza, nani anakaa wapi, nani anatoa nini, na asipotoa inakuwaje. Sifa anamwachia msomaji. Mimi nimejaribu kuandika harusi moja ya Korogwe kwa namna hiyo, bila neno hata moja la kusifu wala kulaumu, kwa kufuata mikono tu: mkono huu unapokea nini, ule unaficha nini. Ukurasa mmoja ulinichukua wiki, na nilipoumaliza niligundua kwamba sikujua nani aliyelipia mchele. Ilibidi nirudi kuuliza. Ndiyo faida ya kuandika hivyo: maandishi yenyewe yanakusuta pale usipoona.

Maisha ya Mtoro yalimzungushia maneno yale mawili, “yangu” na “zao”, kwa ukatili. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi nyumbani, na wakuu wa koloni wakakataa katakata: mwanamke wa Kizungu asishuke nchini akiwa mke wa Mwafrika. Wakarudi Ulaya na meli. Mtu aliyeijua njia ya Uzigua kwa nyayo zake akazibiwa njia ya Bagamoyo, akabaki Ujerumani akifundisha na kutoa mihadhara juu ya nchi ambayo hakuruhusiwa kuirudia na mkewe, mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Huko, mwandishi wa habari “zao” akawa yeye ndiye mmoja wa “wao”, anayetazamwa.

Ukifuata reli ya Tanga kutoka Korogwe kwenda magharibi, reli iliyofika hapa mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, unafika Mazinde chini ya milima. Hapo palikuwa makao ya Semboja, mwana wa Kimweri, na katika zama zake aliishi huku Usambara mtu mwingine wa kalamu, Abdallah bin Hemedi. Huyu alikuwa mgeni. Alizaliwa Unguja, hakuwa Msambaa wala Mkilindi, wa ukoo uliotawala Usambara, lakini alikaa, akawatumikia wakuu wa Kikilindi, akasikiliza. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kidogo kidogo na misheni ya Magila kuanzia 1895.

Kinaanza na safari. Mbega, mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka Ngulu, alikuwa kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Alitoka katika nchi ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni na sasa ni Wilaya ya Kilindi, akapita pori kwa pori akiwa na mbwa wake na mikuki yake mpaka Usambara, na popote alipofika alijitambulisha kwa kugawa nyama. Wenyeji wakampa vyakula vya shamba. Wakaishia kumpa nchi. Sijui kama Abdallah alikusudia, lakini ndani ya kisa kile kuna kanuni nzima ya msafiri: usiingie mikono mitupu, toa kwanza ulicho nacho, na usiombe simulizi kabla hujala na watu. Mdogo wangu na ile kamba ya mbuzi alikuwa anafuata njia ya Mbega, ila tu nguruwe hakuwapo.

Sasa nipande mlimani, maana filamu nayo ina nyumba yake ya zamani hapa hapa Korogwe.

Ukisimama mjini na kutazama kaskazini, safu unayoiona ni Usambara. Huko juu, Vugiri, mwaka 1935 yaliwekwa makao ya Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni. Fedha zilitoka Shirika la Carnegie la New York. Msimamizi wa kazi alikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge na kuwaonyesha vibarua sinema, na upande wa elimu ulishikwa na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35.

Ningependa kukaa kidogo na mikono ya watu wale, kwa sababu walifanya kwa tabu jambo ambalo simu ya mkononi inalifanya leo bila kuhema. Filamu zao zilikuwa za milimita 16, upana wa kidole, na zilikuwa bubu. Sauti ilirekodiwa kando, kwenye santuri. Siku ya kuonyesha, fundi alilazimika kuanzisha mashine ya picha na santuri kwa pamoja, na kuziweka sambamba mpaka mwisho. Sindano ikiruka mara moja, maneno yanaitangulia picha, na mtazamaji anasikia dawa kabla ya kuuona ugonjwa. Lakini udhaifu huo ulikuwa na baraka zake. Filamu ni moja, santuri ni nyingi. Picha ile ile ingeweza kuzungumza Kiswahili Tanganyika, Kikuyu na Kijaluo Kenya, Kiganda Uganda, Kibemba na Kinyanja huko kusini, kwa kubadilisha sahani tu. Wanaotengeneza dokumentari leo na kupachika maandishi ya kutafsiri chini ya uso wa mzee asiyejua kusoma wangefanya vizuri kuikumbuka santuri ya Vugiri.

Halafu kulikuwa na chumba cha giza. Kemikali za kusafishia filamu hazipendi joto. Maji yakipata moto, utando wa picha hulainika na kuchubuka. Huko mlimani maji yana ubaridi wake. Ndani ya giza lile walifanya kazi vijana wa Kiafrika, na katika kitabu chao cha 1937 Notcutt na Latham walisema wazi kwamba kazi za chumba cha giza na za kurekodi sauti Waafrika wanaweza kuzifanya, hata na kutengeneza filamu zenyewe zisizo ngumu. Nikipita chini ya milima ile usiku huwa nawafikiria vijana hao: mkono unapapasa utepe kwenye ukingo tu, usiguse uso wake, mdomo unahesabu sekunde, maana jicho halina kazi. Ni ufundi wa subira uliofanywa katika giza totoro.

Septemba 1935 gari la sinema likateremka. Kwa miezi kama mitano lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likibeba jenereta, mashine ya picha, kipaza sauti na turubai. Watu walikusanyika uwanjani usiku kutazama safura, malaria ya watoto wachanga, kilimo cha chai, akiba ya posta na kodi. Naam, kodi. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Vugiri waliuchukua msemo huo kama ulivyo, wakaja na dawa mkononi.

Na hapa kuvutiwa kwangu kunapata kikwazo. Mashine zao zilikuwa na subira. Maswali yao hayakuwa nayo, kwa sababu hayakuwapo. Kila filamu iliondoka Vugiri ikijua itakachosema. Mwenyeji alikuwa ndani ya picha, akilima, akiugua, akiponywa, lakini hakuulizwa njia ya pwani ilipita wapi. Fedha zilipokwisha, serikali za Afrika Mashariki hazikukubali kuiendeleza kazi ile. Katika filamu 35, zinazojulikana kubaki ni tatu: moja ya safura, moja ya mafunzo ya mifugo, na moja ya mashamba ya wakulima wadogo kule Kingolwira karibu na Morogoro. Laiti wangalielekeza kamera ile usiku mmoja tu kwa wazee wa Vugiri na kurekodi santuri moja bila somo lolote, leo tungekuwa na sauti ya mtu aliyezaliwa Wakilindi wakitawala.

Mtu aliyeziunganisha kazi hizi mbili, kitabu na filamu, kuliko wengine wote wa kanda yetu ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, baba yake akiwa mtu wa reli, na hapo Dar ndipo alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Aliyapiga picha Mapinduzi ya Zanzibar mwaka uliofuata. Akatoa vitabu vya safari vya Kenya, Pakistan, Ziwa Turkana na hija ya Makka, na mwaka 1984 kikatoka cha Tanzania, alichokipiga picha pamoja na Duncan Willetts. Mwaka huo huo, Oktoba, akiwa na Michael Buerk wa BBC, alipiga filamu ya njaa ya Ethiopia kule Korem, na dunia ikasimama.

Watu huikumbuka kwa ukubwa wa msiba. Mimi huitazama pia kwa mwendo wa kamera. Ni alfajiri, kuna ukungu, na kamera inapita taratibu juu ya maelfu ya watu waliojifunika mablanketi, bila papara. Mtu aliyezoea kukimbiza habari angerukaruka: uso huu, mkono ule, mtoto yule. Amin aliwaacha waenee. Tusisahau pia ufundi ule usioonekana kwenye filamu: kutafuta vibali, kutafuta ndege, kukaa ofisini kwa watu ukingoja muhuri. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akatengenezewa mkono wa bandia wa kushikia kamera, akarudi kazini. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Mwandishi Brian Tetley, rafiki yake wa vitabu vingi, alikufa naye.

Namtaja Amin kwa sababu Handeni ya leo ingehitaji watu wa namna yake, wenye mkono thabiti. Wilaya hii ni nchi ya safari zisizoisha. Huko Chogo wapo Wazigua waliorudi kutoka Somalia: mababu zao walichukuliwa kutoka pwani hii katika karne ya 19, wakakaa bonde la Juba vizazi kadhaa, wakaihifadhi lugha yao ya Kizigua, na vita vya Somalia vilipowatawanya wakashika njia ya kurudi mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepaona. Serikali ikawapa ardhi, kisha uraia. Na huko Msomera, tangu 2022, zimehamia familia za wafugaji kutoka Ngorongoro. Kamera zimekwenda Msomera kwa wingi kutoka pande zote, na nyingi, kama filamu za Vugiri, zilifika zikijua zitakachosema: hizi zimekuja kuonyesha furaha, zile zimekuja kuonyesha machozi. Anayekuja kufungulia ng'ombe kwanza ni wa kutafutwa kwa tochi.

Nirudi chini ya mwembe.

Mzee alijibu swali la njia ya pwani kwa muda wa karibu saa nzima. Aliitaja njia kwa vituo vyake, mto, kilima, mti mkubwa ambao sasa haupo. Kisha bila kuulizwa akafika kwenye njaa. Sikuambiwa mwaka, wala hakuujua. Ni njaa aliyoisikia kwa babu yake, naye kwa babu yake, wakati Wazigua walipoteremka pwani kutafuta chakula na wengine wakawekwa rehani kwa pishi za nafaka. Katika ukoo wao aliwekwa mtoto mmoja wa kike. Mzee akalitaja jina lake. Kisha akanyamaza. Mpiga picha hakusogea. Mimi nilikuwa na maswali manne mdomoni, nikayameza yote, kwa kuwa niliona mkono wake umeinuliwa kidogo tu kutoka gotini, kunizuia. Baadaye mzee akaendelea na habari ya chumvi.

Wiki mbili zilipita. Mdogo wangu alihariri usiku kwa usiku katika chumba chake Korogwe, akapata filamu ya dakika ishirini na mbili, safi, inayotiririka. Tukairudisha kijijini kwenye kompyuta ndogo, tukaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Watoto wakajaa. Mzee akaitazama mpaka mwisho bila neno. Kisha akaomba irudishwe pale penye mtoto wa rehani.

“Hapa nilinyamaza,” akasema. “Mbona humu sinyamazi?”

Mpiga picha akaeleza kwa heshima: palikuwa parefu, babu, watazamaji wangedhani kifaa kimeharibika.

“Palikuwa parefu,” mzee akakubali. “Ndiyo maana.”

Niliwahi kuwaona mafundi wakijitetea, na mimi mwenyewe nimewahi kujitetea mbele ya watu niliowaandika. Huyu hakujitetea. Alifunga kompyuta, akashukuru, tukarudi Korogwe na vumbi letu. Usiku ule nilikaa nyuma yake nikimtazama akikitafuta kipande kilichokatwa, akakipata, akakirudisha mahali pake. Sekunde kumi na tisa. Mzee anatazama chini, mbele ya vidole vyake vya miguu. Hakuna kitu, isipokuwa kwenye sekunde ya kumi na mbili kuku mmoja aliyeponyoka kufukuzwa anapita nyuma na kulia mara mbili.

Nilimwuliza kama atamtoa kuku.

“Huyo naye alikuwapo,” akasema, akaihifadhi kazi na kuzima taa.